Njoo Kama Mgeni wa Baba

Nkoaranga,
Usa River, Arusha.
6 Oktoba 2024

Mpendwa mdogo wangu Naisula,

Nakusalimu sana kutoka huku chini ya mlima. Hujambo? Ule mgongo uliokuwa unakuuma kwa kunyanyua wagonjwa umepata nafuu, au bado unajipaka dawa na kwenda kazini hivyohivyo? Najua utajibu kuwa ni mzima, maana hiyo ndiyo tabia yako tangu utotoni, lakini nauliza hata hivyo.

Sisi huku tunasogeza siku. Mvua za vuli zimeanza mapema mwaka huu, migomba imebeba vizuri, na yule ng'ombe mwekundu amezaa. Binti yangu Nice yuko kidato cha pili na ameanza kunijibu kama mtu mzima mwenzangu. Baba mwili wake hauna shida. Nimeandika mwili kwa makusudi, nawe usome taratibu.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu zipo. Barua hii nampa Mchungaji Abdiel, anayekuja huko Ujerumani kwa mkutano wa usharika rafiki, akutafute akupe mkononi. Kwenye simu siwezi kusema haya, kwa sababu humu ndani jina lako hatulitaji tena. Usikasirike kwanza. Nitakueleza.

Nianze na safari yako. Ujumbe wako nimeusoma mpaka Nice akaniuliza kama nimefiwa. Unataka kuja Krismasi, tuzunguke mlima mzima kwa gari, Baba akiwa kwenye usukani. Na huko njiani unataka umwulize kwa nini miaka yote ile aliwapeleka wageni mbugani Momella, wageni wa kila rangi na kila lugha, na sisi wanawe tukabaki kuutazama mlima kwenye dirisha la jikoni huku tukimenya ndizi. Aliahidi kila shule zilipofungwa. Uliandika kwamba unataka akujibu wewe, mkitazamana. Swali lako ni la haki kabisa, na hata mimi ninalo. Lakini huyo wa kukujibu hutamkuta, Naisula.

Njia nimeshaipanga na Lengai. Unamkumbuka, yule kijana wa Terrat aliyefundishwa na Baba kazi ya kuongoza watalii. Siku hizi ana kitambi na Landi Kruza yake mwenyewe. Tutashuka Usa River asubuhi, tukunje kwenda Ngurdoto, tupite Serengeti Ndogo kwenye twiga, tuchungulie kreta, halafu tufike maziwa ya Momella. Kutoka hapo tutokee Ngarenanyuki, tuzunguke mgongo wa mlima hadi Oldonyo Sambu, kisha tushuke kwa barabara ya Namanga na Ngaramtoni mpaka nyumbani. Huko nyuma ya mlima ni kukavu, vumbi na mawe matupu, huwezi kuamini ni mlima huuhuu unaotunyeshea sisi. Kuna korongo moja baada ya Ngarenanyuki ambalo maji yamelila vibaya. Lengai anasema likituzuia tutarudi kwa njia tuliyojia, hakuna haja ya ushujaa.

Baba hataendesha. Atakaa mbele, upande wa kushoto, na ataamini kwamba Lengai bado ni mwanafunzi wake. Lengai amekubali kugombezwa tena kwa kukanyaga breki ovyo. Nilipomwomba alicheka, kisha akageuka akajifanya anakagua tairi.

Sasa nikueleze ya Baba. Nilipokuambia mwaka jana kwamba anasahau, ulisema hata wewe unasahau funguo. Nikabadilisha mazungumzo, maana ulikuwa umechoka na mimi nilikuwa nimechoka. Daktari ametuambia ubongo wake unasinyaa na dawa ya kuurudisha hakuna. Hajapoteza funguo, mdogo wangu. Amepoteza kama miaka thelathini. Anaamka kabla yetu, anavaa kaki zake za kazi, anapiga viatu kiwi na kukaa barazani kusubiri gari la kampuni. Marehemu mama hamuulizii sana, kwa sababu enzi hizo alizoea kumwacha amelala. Mimi nadhani ndivyo, sijui.

Mimi ananiona mpishi wa kambi. Nikimpelekea loshoro yake ya mahindi na maziwa ya mgando ananishukuru kwa adabu kubwa na kuahidi kwamba atanisemea vizuri ofisini. Mwanzoni nilikuwa nikimwambia, Baba, ni mimi Magdalena. Alikuwa anatazama chini, anaona aibu kwa ajili yangu, kama vile nimesema jambo lisilofaa mbele ya wageni. Nikaacha. Sasa nikimwogesha namwita bosi, na anakubali kuinua mikono.

Wewe anakujua. Hilo ndilo tatizo lenyewe. Anajua ana mtoto mdogo, ana sketi ya bluu ya shule, na kila jioni humsubiri getini amwulize ameona wanyama gani. Unakumbuka mwezi wa tano ulipotupigia kwa video? Alikutazama akasema, "Pole na kazi, mama," nawe ukacheka ukidhani anakutania. Ukamwambia wewe ndiye Naisula. Akanirudishia simu taratibu. Uliendelea kuongea nami habari za baridi, na yeye akawa ameshatoka.

Tulimtafuta mpaka kesho yake. Alikuwa Kikatiti, kando ya barabara kuu, viatu mkononi na nyayo zimechubuka. Wanawake wa sokoni ndio walimkalisha wakampa chai. Walituambia mzee alikuwa anawauliza wapita njia kama wamemwona mtoto wa shule, kwa sababu kuna mwanamke amesema mtoto ni yeye, kwa hiyo wa kweli atakuwa amepotea. Sikukuambia siku ile. Ungefanya nini, ungelia ukiwa zamu? Tangu hapo jina lako likitajwa, anatafuta fimbo atoke kumtafuta mtoto. Geti tunalifunga kwa kufuli, yeye anasimama hapo akilitikisa, na hilo kulitazama ni kazi ngumu kuliko zote ninazofanya.

Huenda ningekuambia usije kabisa, kama si jambo la mwezi wa saba.

Walikuja wageni wa usharika wenu wa huko. Mchungaji akataka kuwapeleka Momella, na gari liliposimama kwetu kunichukua, maana nilikuwa nawabebea chakula, Baba akainuka barazani na kaki zake, akafungua mlango wa mbele, akapanda. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumshusha. Mimi nikakaa nyuma na chupa za chai, roho juu, nikijua atatuaibisha kabla ya Usa River.

Naisula, alianza kusema Kijerumani. Kile alichojifunza jioni mjini baada ya kazi, wakati tukimcheka kwamba anakohoakohoa. Alisema njia nzima bila kutafuta neno. Aliwaonyesha mbega juu ya miti kabla dereva hajawaona. Alipoona nyati akainua mkono tu, gari likasimama. Alikuwa mtu mwenye kazi yake. Sijamwona hivyo tangu nilipokuwa mdogo, na hata wakati ule sikumwona, kwa sababu hatukupelekwa.

Tulipofika pale juu, panapotazamana na ziwa kubwa la Momella, aliwashusha wageni, akasimama na mgongo wake umenyooka, na katikati ya maneno yale nisiyoyajua nikasikia jina lako. Nikadondosha kifuniko cha chupa. Nikajiandaa kumkamata, nikijua sasa ataanza kutafuta fimbo. Hakusogea. Alikuwa anatabasamu akionyesha kiti cha mbele cha gari. Mama mmoja katika wale wageni alivua miwani akaifuta, na haikuwa na vumbi.

Nilimbana mama huyo tuliporudi. Anajua Kiswahili cha kutosha, alifundisha chuo cha Makumira zamani. Alisema Baba aliwaambia hivi: "Nina mtoto nyumbani. Kila nikirudi ananiuliza nimeona nini, na mimi humwambia yote, mpaka amejua majina ya ndege ambao hajawaona. Gari hili si langu, tajiri haruhusu kupakia familia. Lakini shule zikifunga nitaomba tena. Nikikubaliwa, atakaa hapa mbele, kwenye kiti changu, na mimi nitasimama nyuma kama mgeni." Mama yule akaniuliza kama mtoto aliletwa hatimaye. Nikamwambia yuko kwenu, anauguza wazee.

Kwa hiyo jibu lako lipo, na amekuwa akilitoa siku zote, ila kwa watu wengine. Akiwa kazini hana hofu, kwa sababu anajua mtoto yuko nyumbani salama.

Nikuambie na la kwangu, maana si vizuri nikufiche halafu liniozee moyoni. Nilimuuliza yule mama kama kulikuwa na mtoto mwingine katika maneno yale, mkubwa. Akafikiri, mtu mwaminifu, akasema hapana, alitaja mmoja. Nilikasirika, Naisula. Nilikaa siku kadhaa sikutaka hata kumfunga vifungo. Mimi ndiye ninayefua mashuka yake, na mimi ndiye sipo. Imeniuma na inaniuma leo. Lakini wewe hukuiba kitu, na yeye hakuninyima kwa kukusudia, kwa hiyo sina wa kugombana naye isipokuwa ng'ombe.

Basi ombi langu ni hili: njoo kama mgeni wake.

Lengai atakupokea uwanjani, ulale kwake Tengeru kwa mkewe Nalepo, usifike nyumbani kwanza. Asubuhi mtakuja kutuchukua. Vaa kofia pana na miwani ya jua. Usimwambie shikamoo, ikikuponyoka ataanza kukuchunguza. Mwambie Guten Morgen, naye atakuuliza unaitwa nani na umetoka mji gani. Mji sema wa kweli. Jina tafuta lolote, lizoee huko huko mpaka lisikukwame. Najua ninachokutaka ufanye. Kumdanganya mzazi jina alilokupa mwenyewe si jambo dogo, na kama kuna dhambi hapo niandikie mimi.

Njiani mwulize maswali mengi, anapenda wageni wanaouliza. Akikosea jina la mnyama mwache. Kwenye geti la hifadhi usitoe pasipoti mbele yake, Lengai atashuka na karatasi zote. Kilio kikija, piga picha, ufiche uso nyuma ya kamera. Akikupa mkono wa kukushusha garini, ushike, lakini uuachie pale mgeni angeuachia.

Jambo moja haliwezi kungoja, nalo ni tarehe. Usije Krismasi, njoo Novemba, hata kama mvua itatulowanisha. Wiki mbili zilizopita Lengai alitupeleka kujaribu, na tulipokunja kwenda Ngurdoto Baba alisimamisha maelezo. Alikuwa analitafuta neno kreta. Alitazama mikono yake, akaniomba radhi mimi mpishi, akakaa kimya mpaka nyumbani. Mwezi wa saba hakukosea hata neno moja. Ukingoja sikukuu, naogopa utakuta mzee asiyejua hata kuongoza wageni, na hapo hatutakuwa na mlango mwingine wa kupitia.

Hata hivyo sikulazimishi. Hapa ni kwenu. Ukiona huwezi, ukitaka uingie getini kama Naisula, uitwe jina lako na ulie unavyotaka, nitakufungulia na nitakupikia. Halafu tutashika tochi na kumtafuta pamoja. Haki hiyo unayo.

Shangazi Elinami anakusalimu, macho yamefifia lakini ulimi uko vilevile. Nice anakusalimu na anataka viatu, nimemwambia aombe kwanza alama nzuri. Mpe mchungaji jibu lako, mstari mmoja unatosha: tarehe ya ndege, na jina ulilochagua ili nisije nikakuita kwa bahati mbaya. Mungu akutangulie kwenye ngazi za hospitali na za ndege, akufikishe kwetu Baba angali yupo.

Nimalizie pale juu penye ziwa. Atakuambia habari za mtoto wake, naamini bado atasema, nimemwomba Mungu amwachie hilo la mwisho. Atakuonyesha kiti. Usimsahihishe, na usiseme kwamba wewe umeshakuja. Mwulize tu kwa Kijerumani chako, huyo mtoto anaitwa nani? Mimi nitakuwa kiti cha nyuma na chupa za chai. Lugha yenu hiyo siijui, lakini neno atakalokujibu nitalielewa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na hasira zangu zote,

Magdalena