Wanasema Baba Kashukiwa, Mimi Nasema ni Raksi

Mpendwa Dada Indramaya wa redioni, shikamoo, naomba msaada, na usinidharau kwa kuwa shule niliiacha darasa la sita, maana huku milimani Ilam hakuna anayenishinda akili, waulize. Baba yangu Aitaman anakunywa raksi tangu alfajiri, ile pombe kali ya ulezi tunayopika wenyewe, na mwezi uliopita alijichukia akaacha ghafla, kesho yake mikono ikatetemeka hadi chai ikamwagika, keshokutwa yake anatoka jasho kwenye baridi na kugombana na watu ukutani ambao hatuwaoni, na kwetu mtu akitetemeka hivyo ni mungu kamshukia, anamtaka awe mganga, basi shangazi Phulmati akapiga yowe, "Kashukiwa! Kaka yangu kashukiwa!" akaitwa mganga mzee na ngoma yake, akasema mungu ana kiu, akamnywesha baba raksi bakuli mbili, baada ya muda kidogo baba katulia, mikono kimya, watu wote wakainama mpaka chini isipokuwa mimi.

Nikauliza, "Huyo mungu mbona ana kiu ileile ya baba?"

Shangazi akanizaba kofi. "Funga domo, we mtoto! Utatuletea mkosi!"

Sasa Dada, hasira zinanipasua, watu wanaleta majogoo na raksi ya bure, baba anazidi kulewa, na juzi tukikata majani ya nyati wetu wa kufugwa akaninong'oneza, "Sukraj mwanangu, mimi si mganga. Nataka kuacha, lakini naiogopa ile mitetemo." Na mwezi ukiwa mpevu wanampeleka pangoni kufundwa uganga, peke yake, bila chakula wala tone la raksi, mpaka mungu ajitaje jina. Mpango wangu ni bora: nitamwiba kabla, nimfunge kamba kwenye nguzo ya zizi, nimpe maji tu mpaka pombe imtoke. Nguvu ninazo, mieleka nimemwangusha hata askari aliyekuja likizo. Niambie tu nimfunge kwa siku ngapi.

Sukraj, kidume wa Ilam


Sukraj kidume, kaa chini. Umeona walichoshindwa kuona watu wazima wote, hongera. Halafu akili hiyo ukaenda kuifunga zizini! Pango lao na nguzo yako vina tofauti gani? Vyote viwili vitamuua baba yako.

Mwili uliozoea raksi kila siku ukinyimwa ghafla unachachamaa. Unaanza na mikono, jasho na kukosa usingizi. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya: moyo mbio, degedege kama la kifafa, kuona wasiokuwepo. Wengine hufia hapo. Baba yako alishafika huko mara moja, na mara nyingi safari inayofuata huwa mbaya zaidi. Bakuli za mganga zilimtuliza kwa sababu mwili ulikuwa unadai pombe, basi. Shangazi Phulmati, kama unasikiliza redio, kaka yako anaumwa na nyinyi mnampigia ngoma! Hamwoni aibu?

Sasa fanya hivi. Mteremshe hospitali ya wilaya kabla ya mwezi mpevu. Njiani asiache kunywa ghafla, apunguze pale daktari atakaposema. Daktari aambiwe ukweli wote, hata wale watu wa ukutani. Atapewa dawa za kumtuliza na vitamini, na kwa wengi mitetemo huisha ndani ya wiki moja hivi. Degedege likimkuta nyumbani, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, abebwe saa hiyohiyo.

Na usianze kujisifu akirudi. Usingizi mbovu, hasira na hamu vinaweza kubaki miezi. Akirudia kunywa, usimtukane, mrudishe kwa daktari. Majogoo kuleni, raksi warudishieni wenyewe.

Kwa mganga mzee nenda na adabu, ukiliacha hilo domo nyumbani. Mwambie mungu asubiri mgonjwa apone. Siku baba yako atakaponyanyua kikombe cha chai bila kumwaga, wapige ngoma wanavyotaka. Akitetemeka tena akiwa ameshaacha pombe na ni mzima, hapo ni mungu kweli, na mimi mwenyewe nitapanda huko na jogoo wangu.