Wale Kuku Wawili wa Kamachumu

Bredäng, Stockholm
Jumapili ya tatu ya Kwaresma

Mama yangu mpendwa, Ma Leokadia,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusikia kabisa ukijibu "Milele, amina" huku unapapasa kutafuta miwani. Itafute kweli, Mama, ukae mahali penye mwanga, na usimpe Gabrieli akusomee. Mdogo wangu nampenda, lakini mdomo wake hauna mlango, na haya ninayoandika ni ya macho yako kwanza. Ndiyo maana sikupiga simu. Simu ya kwetu ikilia inawekwa spika, kila aliye uani anasogea, na mtu anajikuta anaeleza maisha yake mbele ya jirani aliyekuja kuomba chumvi. Barua hii anakuletea Nathaniel, yule kijana wa Muleba anayefanya kazi kwenye kiwanda cha malori kule Södertälje. Anakuja likizo ya Pasaka. Mpe chai, ana safari ndefu.

Goti linaendeleaje? Migomba iliyoangushwa na upepo mmeshaitegemeza? Na wale kuku wawili, yule mweusi na yule wa madoadoa, bado wapo? Najua unajiuliza huyu mtoto vipi, anauliza kuku kabla ya kuuliza watu. Nitafika huko.

Sisi huku hatujambo, mimi na mkweo Jun. Theluji imegeuka barafu chafu, na nikitoka kituo cha treni natembea nimeshika ukuta. Hilo "hatujambo" nimeliandika kwa adabu, Mama, lakini si kweli yote. Mwezi uliopita nilipimwa, nikaambiwa sukari yangu imepanda. Usishtuke, usiite watu, endelea kusoma. Sijalazwa, na kazini kwa wale wazee ninaowatunza nakwenda kama kawaida. Ila hofu iliyoniingia siku ile haijanitoka mpaka leo, na nina ombi kwako ambalo ni zito. Nitakuomba uachie jambo ambalo ni haki yako. Ukikataa sitakulaumu, lakini sijui nitafanyaje. Ngoja nieleze taratibu, maana nikianzia mwisho utanikasirikia.

Krismasi uliniuliza kama mama mkwe wangu wa Kichina ananilisha vyura, na nyuma yako nikamsikia shangazi Benedicta akicheka mpaka akapaliwa. Mwambie shangazi, sisi tunaokula senene, panzi kabisa, tutamcheka nani? Nathaniel aliniletea kopo zima mwaka jana, nikalificha kabatini kwa aibu. Mama Jun akalikuta. Akaonja mmoja, akachukua vile vijiti vyake vya kulia na kula kopo nusu, kisha akauliza kama tunakaanga na kitunguu au bila kitunguu. Tangu siku hiyo nikajua nimepata mkwe.

Anakaa Akalla, mwisho kabisa wa reli ya bluu, kwetu na kwake ni kuvuka mji mzima. Jumapili baada ya misa huwa tunakwenda kula kwake. Mama, ungekiona chakula chake ungesema huyu mama anabania gesi. Mboga za majani anazipitisha kwenye karai la moto mkali, kitunguu saumu, chumvi kidogo, ameshaipua, bado ni kijani na zinalia mdomoni. Mimi niliyezoea kuichemsha mboga mpaka inyooshe mikono nilidhani amesahau kuipika. Samaki anampika kwa mvuke, mzima na kichwa chake, tangawizi juu na majani ya kitunguu, mafuta kijiko tu. Mezani supu inakuja kwanza, halafu mboga, halafu nyama au samaki, na wali mwishoni, kidogo. Maji ya baridi hanywi na hataki uyanywe, atakupa ya moto hata kama jasho linakutoka. Na husema mtu aondoke mezani akiwa bado na nafasi ya kipande kimoja. Kiswidi chetu sote wawili ni cha kuokoteza, yeye cha jikoni, mimi cha wodini, lakini tunaelewana.

Hayo ndiyo mazoea yake ya siku zote. Sikukuu sasa ni jambo jingine. Mwaka wao mpya uliingia kabla tu ya Jumatano ya Majivu, na mkesha wake ndiyo karamu kubwa kuliko zote, sawa na Krismasi yetu. Alipika kwa siku mbili. Bata, kamba, samaki, maandazi ya nyama madogo yaliyokunjwa kama sikio, maandazi ya mvuke, na juu ya yote keki yao ya unga wa mchele unaonata, yenye sukari guru, nzito, inang'aa. Dada zake wawili walikuja na waume zao. Mimi nilikuwa nimeonywa na watu wa hospitali niangalie sana wanga na vitu vitamu, na nilikwenda na kile kimashine cha kutoboa kidole na kupima sukari ndani ya mkoba. Mama Jun hakuwa anajua lolote. Sikutaka ajue, na sababu yake ndiyo ninayoizungukia tangu mwanzo wa barua hii.

Tukaketi. Akaanza kunitilia kwenye bakuli kwa vijiti vyake mwenyewe, ndiyo heshima yao, mkubwa anakuchagulia kipande kizuri. Sasa Mama, wewe ulinilea vipi? Chakula cha ukweni hakikataliwi, na sahani ya ukweni hairudi na mabaki. Nikala nikamaliza. Akatia tena. Nikamaliza. Kumbe kwao mgeni akiwa na bakuli tupu ni aibu ya mwenye nyumba, maana yake hajashiba, na ukitaka kusema asante imetosha unaacha kidogo. Mimi namaliza kwa adabu yako, yeye anajaza kwa adabu ya mama yake, hakuna wa kumwokoa mwenzake! Jun ananikanyaga mguu chini ya meza, namwangalia tu. Dada wa Mama Jun wakanisifu kwamba binti huyu anakula vizuri. Kisha ikaja ile keki, nikakatiwa kipande kikubwa kuliko cha mtu yeyote. Nikakila chote.

Nikaomba kwenda chooni, nikajifungia, nikatoboa kidole. Namba iliyotoka, Mama, hata kuiandika sitaki. Nilikaa pale nikalia kwa kujiziba mdomo na taulo. Nilijiona mjinga, mtu mzima nimeshindwa kusema neno moja, "imetosha". Mama Jun akaja kugonga. Nilipofungua nikasahau kimashine juu ya sinki. Akakiona, na kwa bahati mbaya anakijua vizuri sana, maana mumewe alikufa kwa sukari, walianza kumkata vidole vya mguu kwanza. Waitu, jamani! Alimgeukia Jun akamfokea kwa Kichina mbele ya wageni, vijiti vikawekwa chini. Nilielewa bila kutafsiriwa kwamba alikuwa anamuuliza ni lini alipanga kumwambia kuwa mke wake ni mgonjwa.

Jun akaniangalia. Nikatikisa kichwa kukubali. Ndipo akamwambia mama yake kwamba mimi si mgonjwa, nina mimba, na sukari hiyo ni ya mimba.

Ndiyo, Mama. Umesoma vizuri. Kaa chini kama ulisimama.

Nilitegemea Mama Jun apige vigelegele au alie. Hakufanya hata kimoja. Aliondoa bakuli langu, akaleta viatu vyangu, akapiga magoti akanivalisha yeye mwenyewe, mwanamke wa miaka sabini, akanishika mkono tukatoka kwenye ukumbi wa ghorofa yake. Tukatembea pale, kwenda na kurudi, kupita milango ya majirani, yeye na ndara zake za nyumbani, huku wageni wake wanatungoja na samaki anapoa. Alisema kwao mtu akishakula hutembea, na mwenye sukari hutembea zaidi. Hakuniuliza kitu. Baadaye akaniambia nipime tena, namba ikawa imeshuka, ndipo yeye akaegemea ukuta na kuanza kulia.

Tangu siku hiyo kila asubuhi anapanda treni kutoka Akalla mpaka Bredäng na kikapu chake. Mboga kwanza, samaki au yai, tofu ya soya, wali kiganja kimoja. Sukari imetulia, na mkunga amefurahi mpaka ameomba aandikiwe namna ya kupika. Mtoto anacheza. Ni mwezi wa sita huu, Mama. Pale tulipopoteza zile mimba mbili nimeshapita, lakini kila nikiamka naweka mkono tumboni na kungoja kwanza, na asipocheza upesi jasho jembamba linanitoka. Hofu hii sijui kama itaisha kabla sijamshika.

Sasa nikuambie kwa nini nimekuficha. Si kwamba sikuamini. Mara ya kwanza nilikupigia mapema, ukafurahi, ukachagua mtetea mweusi, ukamfunga kitambaa chekundu mguuni, ukatangaza kwamba huyu haguswi, ni kuku wa uzazi wa Dativa, atapanda ndege na mimi au Dativa atakuja kumlia hapa. Mimba ikatoka. Mara ya pili ukachagua wa madoadoa, ukamfunga kitambaa, nayo ikatoka. Nilipokuja likizo niliwaona wote wawili wanatembea uani na vitambaa vyao, hakuna aliyethubutu kuwachinja wala kuwafungua. Uliwamwagia mahindi, ukaingia ndani. Nikasema moyoni mwangu sitamwongezea Mama kuku wa tatu. Ndiyo hiyo tu, Mama. Niliogopa kitambaa. Kwa hiyo umechelewa kujua kuliko mama wa watu, na najua itakuuma, na inaniuma mimi pia.

Na bado sijafika kwenye ombi. Wachina, kumbe, ni kama sisi. Mwanamke akijifungua hukaa ndani mwezi mzima, hashiki maji ya baridi, hapigwi na upepo, anakandwa, analishwa supu ya kuku na tangawizi. Nilipomsikia Mama Jun anayaeleza nilidhani ni wewe unaongea. Kazi hiyo ni yako. Umeingoja miaka yote hii, na wewe ulifanyiwa na bibi kule kwao Kanyigo. Lakini viza wamekunyima mara mbili, Mama, na watu wa hospitali hawataki nipande ndege. Nilimwambia Mama Jun kwamba basi, naomba anilee uzazi yeye. Akakataa. Alisema hawezi kumfungia ndani mtoto wa mwanamke mwenzake kana kwamba mama yake hayupo duniani. Amesema tukuombe kwanza. Ukikubali, umwambie unavyopika ile supu ya ndizi na uji wa ulezi, apike vya kwenu siku moja na vya kwao siku nyingine. Ukikataa, hataishika kazi hiyo.

Nilimsimulia habari za wale kuku, maana alikuwa ameshanunua wa kwake na kumweka kwenye friza, na mimi nikamwomba kwa machozi amtoe, sitaki kumwona. Hakunicheka. Alimtoa, akamkatakata palepale, akamchemsha, tukamla mchana uleule, mimi na yeye na Jun. Aliniambia kuku ni chakula, hana habari na mtoto wangu, na akiisha ananunuliwa mwingine. Nililala usingizi siku hiyo, Mama, kwa mara ya kwanza tangu nipimwe.

Kwa hiyo nakuomba Pasaka hii uwafungue wale wawili vitambaa, uwachinje, mle. Watakuwa wagumu, wazee wale, wachemshe sana na usisahau tangawizi. Mpe shangazi Benedicta firigisi. Usichague mwingine mpaka usikie sauti ya mtoto.

Jun anakusalimu na kukuinamia. Mama Jun anakutumia tangawizi kavu na zile tende zao nyekundu, amezifunga mwenyewe. Msalimie baba mdogo, shangazi, Gabrieli na jumuiya yote ya Mtakatifu Ana, na uniombee kwenye rozari yako.

Ukishamaliza kusoma, nipigie. Kama ni hapana, zima spika, uniambie mimi peke yangu, nitaelewa. Kama ni ndiyo, Mama, weka spika, waite wote waliopo uani, hata yule wa chumvi.

Mwanao anayekungoja,
Dativa