Nilivyomuaga Mtu Asiyesafiri

Kaka yangu Khatibu,

Nakushikia miguu kutoka huku kwenye baridi. Salamu ya kwanza ni yako, ya pili ni ya mama, na hiyo ya pili umfikishie kitandani kwake, usimpigie kelele kutoka ukumbini. Wifi yangu hajambo? Watoto wanakwenda skuli? Na ile mikarafuu ya marehemu baba mmemaliza kuichuma au mvua imewawahi? Mimi na shemeji yako Salim tu wazima, alhamdulillahi, ila vidole vimenipasuka kwa baridi hata kushika kalamu naona tabu.

Utauliza nimepatwa na nini hata nikaandika barua zama hizi za simu. Jibu unalo mwenyewe. Simu yenu mnaiweka spika, na neno nikilisema asubuhi likasikika hapo mtaani Jadida, kabla ya adhuhuri limeshafika Tumbe na pikapu zinazofuata samaki. Haya ya leo nataka uyasome wewe kwanza. Barua anakuletea Bi Asha wa Chake, tunayesali naye msikiti mmoja huku, pamoja na dawa ya mama ya kuchulia miguu.

Kaka, nilipomaliza kuzungumza na mama Ijumaa moja mwezi uliopita nililia. Tangu alipoanguka uani, kila tukitaka kukata simu ananiambia yale yale: "Mize mwanangu we, niwie radhi. Ntu hajui siku yake." Nami kila mara nayageuza maneno, namuuliza habari za kuku. Sitaki kumjibu, naona nikimjibu ndiyo nimemruhusu aende. Miaka saba sijamtia machoni. Mwaka huu sikuwa na haja nyingine duniani ila hiyo moja, nifike nimshike mkono angali ananijua. Na nusura niikose kwa mdomo wangu mwenyewe.

Unajua kazi yangu, ni dobi wa klabu ya besiboli. Nilishakueleza mchezo wenyewe: mmoja anarusha kijipira kigumu, mwenziwe amesimama na gongo anakingojea akipige, akikipata anakimbia mbio na kujitupa chini kwenye udongo mwekundu. Huo udongo ndio riziki yangu. Wenzangu wanausugua kwa hasira, mimi niliyekulia kwenye tope la Wete nauloweka taratibu, unatoka wenyewe. Likizo yangu hupatikana msimu ukimalizika tu, maana wakati wa baridi hawachezi. Mara hii nilipewa wiki tano, kwa maandishi, na tiketi tukakata.

Sasa ungefikiri wasipocheza watu wanapumzika. Wapi! Hapo ndipo unapoanza mchezo wa midomo. Nani anahama, nani anakuja, klabu gani imemuulizia nani. Na huku mchezaji habembelezwi kama hao wenu wa mpira wa miguu. Klabu mbili zinakubaliana, hii inatoa mmoja, ile inatoa wawili, na mwenyewe anapigiwa simu yuko dukani ananunua maziwa, anaambiwa tangu leo wewe ni wa mji mwingine. Mara nyingi hata haulizwi. Mimi niliposikia mara ya kwanza nilisema hii si haki, hata mbuzi wa kubadilishana hutazamwa meno kwanza.

Kubwa kuliko hilo ni ugomvi wa tuzo. Waandishi wa habari wanapiga kura kumchagua mchezaji bora wa mwaka, na safari hii kijana wetu mmoja, Anselmo, alitajwa, kisha akakosa. Ofisi yetu ya kufulia iligeuka baraza. Bi Doris, mama mtu mzima ninayefua naye, siku hiyo hakula. "Wamemdhulumu!" anasema. Frenki, dereva wa gari ya nguo, anamjibu kwamba timu imeshika mkia, tuzo ya nini? Bora ni yule anayeifikisha timu yake mahali. Bi Doris akamgeukia: "Mpishi mzuri ukimweka nyumba ya walevi, chakula chake kinakuwa kibaya?" Wakazozana mpaka mashine zikasimama hakuna aliyeona. Nilikukumbuka wewe na Maalim Juma pale barazani mnapokosana siku tatu kwa ajili ya mchezaji asiyejua kama Pemba ipo.

Wakaniuliza na mimi. Nikasema kura yangu ningempa Anselmo, kwa sababu ndiye peke yake anayezigeuza soksi zake upande wa nje kabla ya kuzitia kapuni. Walinicheka, lakini mwenye kufua anajua thamani ya mtu huyo. Tena ni kijana wa adabu. Ametoka kisiwani, upande wa pili wa bahari nyingine, kaja huku mdogo, na kila asubuhi lazima apite kunijulia hali.

Basi wiki moja uvumi ukamshika yeye. Frenki akija na gazeti, anahama. Bi Doris akifungua redio, anahama. Mimi sikuamini, mpaka msimamizi wetu Bwana Pita aliponiwekea mezani jezi ya Anselmo na kuniambia nifumue jina mgongoni. Hakusema zaidi, akatoka. Kaka, huku jina likifumuliwa mtu keshaondoka, nimeshafumua mengi kwa mikono hii. Nikalifumua herufi moja moja huku roho inaniuma, nikajua ni kweli, kijana anakwenda.

Hapa ndipo ninapotaka uniambie, wewe ungefanya nini? Kwetu mtu akisafiri haachwi akaondoka hivi hivi. Nikarudi nyumbani nikapika mkate wa kumimina, nazi ya kopo lakini hiliki ya Pemba, ile uliyoniletea. Kesho yake Anselmo alipokuja kwenye mazoezi yake nikamwita pembeni, nikampa mkate, nikamshika mkono. Nikamwambia kwa Kiingereza changu hiki cha kuungaunga: "Mwanangu, unasafiri. Kama niliwahi kukuudhi, niwie radhi. Na mimi nimekusamehe yote."

Uso ukambadilika. "Nani amekwambia nasafiri?"

Nikacheka, nikidhani anaficha tu, kama watu wanavyoficha posa mpaka siku ya jibu. Nikamwambia, "Mwanangu wee, jina nimelifumua mimi mwenyewe." Akatoka na mkate wake kwapani na simu sikioni.

Hakuwa anajua lolote, masikini! Akampigia wakala wake, yaani mtu anayemsemea mambo ya kazi. Wakala akampigia sijui nani. Asubuhi ya pili Frenki anatusomea gazetini, kwa sauti, kwamba watu wa ndani ya klabu wamethibitisha Anselmo anaondoka. Watu wa ndani! Mtu wa ndani ni ndugu yako Mize na mkate wake. Nikakaa juu ya kapu la nguo chafu.

Haikupita saa nikaitwa. Ofisi imekasirika, kuna mtu amewatolea waandishi maneno ya klabu, na wakala amesema yametoka upande wa kufulia. Bwana Pita akaniambia likizo yangu imesimama mpaka jambo hili lijulikane mwisho wake, na huenda kazi pia. Nikamuuliza, imesimama vipi, mama yangu mgonjwa? Akaangalia chini. Si mtu mbaya, lakini amri ilitoka juu.

Salim nilipomhadithia alicheka mpaka akakaa sakafuni. Unawajua Waunguja. "Nyinyi Wapemba mnaaga hata paka!" Kisha akaona mimi sicheki, akainuka, akanitilia chai. Kilichoniuma zaidi ya kazi ni jina. Mimi, binti ya Mzee Hamadi, leo naitwa mmbea ugenini! Na Ijumaa ikafika, mama akasema tena yale maneno yake, nami nikauliza kuku. Akaniambia kuku mmoja kachukuliwa na mwewe. Akaniuliza, "Wa'ja lini lakini?" Nikamwambia karibuni, nami najua naongopa.

Jumatatu nikapandishwa juu kwa bosi mkubwa. Nikamkuta Bwana Pita, Anselmo, na wakala wake aliyevaa viatu vinavyong'aa kuliko sufuria zangu. Nilishafikiri njiani, nikisema nilisikia redioni nani atanibishia? Lakini nilipomwona yule kijana pale, nikaona haya. Nikasema yote. Jezi niliyofumua, mkate niliopika, mkono nilioushika. Nikasema kwetu mtu hasafiri na kinyongo cha mwenziwe. "Sikutoa siri. Sikujua kama ni siri. Niliomba radhi tu."

Bosi akauliza, "Radhi ya nini?"

Nikamwambia, "Ya soksi. Nilimpotezea moja katikati ya msimu, nikasema kaipoteza yeye."

Halafu Anselmo akacheka, kisha kicheko kikamkatika. Akasema kwao hakuna aliyetoka mlangoni bila ya kuombewa na bibi yake. Siku aliyochukuliwa kuletwa huku bibi alikuwa sokoni, gari ikaharakisha, hakungoja. Kijana aliporudi kwao baadaye akakuta kaburi la bibi. "Huyu mama hakuuza neno," akasema. "Mimi ndiye niliyekimbilia simu. Nilisikia naagwa, nikaogopa."

Bwana Pita akakohoa. Ikatoka sasa kwamba ile jezi jina lilishonwa likaenda upande, alitaka lifumuliwe lishonwe upya, jezi ipelekwe zawadi kwa watoto wagonjwa. Hakunieleza kwa sababu alikuwa na haraka. "Kosa langu," akasema, na nilimheshimu kwa hilo. Bosi akajikuna kidevu. Akaniambia likizo yangu iko pale pale, ila nikitaka kumuaga mtu tena niulize kwanza kama anakwenda. Hata yule wakala alicheka.

Tulipokuwa tunatoka, Anselmo akanishikia mlango. Akaniuliza mama yangu yuko hai? Nikasema yuko hai. Akasema, "Basi unangoja nini hapa?" Nikashuka ngazi machozi yananitoka mbele za watu.

Ndiyo hivyo, kaka. Mpaka leo Anselmo yupo, na mpaka leo Frenki anaapa atahama wiki hii. Bi Doris ameshaanza kupanga hoja za tuzo ya mwakani, na mchezo wenyewe haujaanza. Mimi nimewaachia. Naondoka huku Jumamosi ya wiki ya pili baada ya kukufikia barua hii, nafika Dar Jumatatu nalala siku moja, Jumanne mchana nashuka uwanjani Chake. Salim anabaki, kazi yake haina msimu. Njoo unipokee wewe, na usije na gari ya harusi.

Nisalimie wifi yangu, mwambie kanga zake ninazo, na moja nimeivaa mara moja tu aniwie radhi. Nisalimie shangazi wa Tumbe aliyenifundisha huo mkate ulionitia matatani, umhadithie acheke lakini asisimulie sokoni. Msalimie maalim wetu wa chuo cha Kurani, na jirani yetu Bi Kombo anayemletea mama uji asubuhi, Mungu amlipe. Watoto wako wabusu mmoja mmoja, huyo wa mwisho nisiyemjua umbusu mara mbili.

Limebaki moja, nalo ndilo lililonifanya niichane karatasi ya kwanza. Kwenye ile nilikuandikia usimwambie mama. Mwaka juzi nilisema nakuja, akaanika magodoro, akakipaka chokaa chumba, akakaa mlangoni siku mbili, nami sikuja. Na huu uvumi wa huku umenifundisha kuogopa neno linalotangulia mbele ya mtu. Nikaona bora anione ghafla. Kisha nikafikiri, mama wa umri ule, miguu ile, mnampunguzia nini mkimficha? Kumngojea mtu nako ni nguvu, pengine ndiyo nguvu aliyobaki nayo. Nikiogopa kumpa tamaa, nitakuwa nimemuaga mimi kabla yeye hajaenda.

Mwambie, kaka. Mwambie leo hii, barua ikiwa bado mkononi mwako. Aanike magodoro. Na akitaka umshikie simu aniombe radhi, usiipige. Mwambie Mize kasema radhi hiyo anaifuata mwenyewe.

Ni mimi ndugu yako, mabegi yamefungwa,

Mize