Maana ya triaji

Jumatano

Nimecheka na wengine. Msimamizi alimwambia Kolumba mbele ya meza yetu nzima ya kuchambulia kahawa, "Bibi, macho yako yamekwisha. Wewe ni triaji, toka."

Triaji tunaijua. Ni punje za kahawa zilizovunjika, tunazitoa kwa mkono na gunia lake linawekwa kule karibu na choo. Lakini neno lenyewe sikujua limetoka wapi. Jioni nikapita kwa mwalimu, jirani yangu.

"Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, mama," akasema. "Maana yake kuchagua tu. Baadaye wakalichukua madaktari wa vita. Huyu atibiwe, huyu aachwe."

"Anayechagua ni nani?"

"Aliyepewa kazi hiyo."

Sikumwambia kwamba leo nilipewa mimi. Huyu mnunuzi binafsi aliyekuja msimu huu hataki watu wengi, na asubuhi msimamizi alinivuta pembeni. "Meza yenu mko wanane, nataka saba. Nitajie mmoja, la sivyo unatoka wewe."

Nikamtaja Kolumba. Nikasema haoni. Hakuna mwingine aliyejua, maana tangu msimu uanze nilikuwa nazitoa mwenyewe punje mbovu alizoziacha. Siku ya kumzika mume wangu ni yeye aliyenishika nisianguke.

Nilimsindikiza, na tulipofika getini aligeuka akanipa ungo wake. "Shika, dada. Wewe bado unaona."

Nimekuja nao nyumbani. Ni mzuri kuliko wangu. Kesho nitakwenda nao kazini.