Chupa ya Otmar ilivyowaka

Coletha uko wapi?? Nimembishia bosi leo. Ndiyo, Otmar huyo huyo!

Unakikumbuka kile kisima cha Masumbwe, jirani na mtambo wa kuchenjulia dhahabu? Juzi nilipima maji yake nikakuta sianidi, ile sumu ya kuchenjulia dhahabu. Leo Otmar kaja maabara na chupa nyingine. "Swaumu, ulikosea. Haya nimechota mwenyewe jana, kisima kile kile. Pima, uandike salama."

Nikapima. Sianidi hamna kabisa. Roho ikakataa. Nikayapitisha kwenye mashine ya kupima klorini, dawa ya maji ya bomba, ile ambayo maji yanapita kwenye mrija mwembamba, yanakutana na kemikali, na klorini ikiwamo yanatoa mwanga. Shoga, mwanga ulipanda hadi nikadhani nimeacha kifuniko wazi!

Nikarudia. Ukapanda vile vile.

Klorini! Kisima kisichowahi kutiwa dawa tangu kichimbwe! Nikamwambia mbele ya watu wote, "Bosi, haya ni maji ya bomba. Umekinga nyumbani kwako Ngokolo."

Halafu eti, "Andika salama, au kesho usije."

Eti kesho nisije!

Nimeandika, "Maji ya bomba. Hayakutoka kisimani." Nikasaini majina yangu yote matatu.

Sasa hivi niko Masumbwe na chupa zangu. Mama Vaileth, jirani wa kisima, kaniuliza, "Mwanangu, tunywe au tusinywe?" Nimemwambia wasinywe hata tone. Kanipa ndoo yake, nimechota mwenyewe nikajaza chupa.

Na kesho naenda kazini. Chupa moja naiweka mezani kwa Otmar, na glasi pembeni.