Mti wa Gerezani na Wenyewe Wake

Jumatano. Manyunyu tangu alfajiri. Nimerudi Kariakoo nikiwa nimelowa, nami nimeridhika.

Ule mti ni mlangilangi. Sina shaka hata chembe.

Niliuona wiki iliyopita nilipopeleka gari kwa fundi Chande, Gerezani. Umejiotea katika kiwanja kilicho nyuma ya gereji yake, katikati ya bodi za magari zilizoliwa na kutu. Hakuna aliyeupanda, nadhani mbegu ililetwa na kunguru. Maua yake huning'inia kama tepe zilizolegea. Yakiwa machanga ni ya kijani, mtu hupita asiyaone. Harufu ndiyo huyatangaza, nayo huja jioni.

Hapo ndipo penye taabu. Sote tulifundishwa utotoni kwamba manukato ya wakati wa magharibi yasiyojulikana yatokako ni ya jini. Wateja wa Chande sasa huchukua magari yao kabla ya adhana, hata kama hayajakamilika, na wengine hawarudi.

Jumatatu nilimpelekea mke wangu ua moja. Yeye huwatungia maharusi vikuba vya maua. Kabla sijafungua kiganja aliuliza, "Harusi ya nani?"

Ushahidi huo ulinitosha. Leo nilikwenda kumpa Chande jina la mti wake, nikamkuta ameshika shoka.

"Shikamoo mwalimu. Usisogee hapo, huo mti una wenyewe."

"Marahaba. Wako wapi? Waite niwasalimie."

Mafundi wenzake walicheka. Yeye hakucheka.

Nilimweleza kwamba ni mlangilangi, ua lile lile wanalovaa maharusi kifuani. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Sawa mwalimu. Lakini hata jini hupenda harusi."



Nilidhani jina lingetosha. Kumbe kwa mtu anayekimbiwa na wateja, jina ni jina tu.

Basi nikaomba kiti. Nilimwambia nitakaa chini ya mti ule mpaka usiku uingie. Nikiwa mzima kesho, shoka lirudi lilikotoka.

"Na ukiumwa?"

"Ukate."

"Hata mafua, mwalimu?"

"Hata mafua."

Nilikaa. Mvua ilinidondokea shingoni kutoka kila jani. Magharibi ilipoingia harufu ilishuka, nzito na tamu, nikavuta pumzi kwa makusudi ili wote wanione. Mteja mmoja aliyekuwa ameshika ufunguo tayari kuondoka aliniona, akauliza, "Yule mzee anafanya nini pale?" Chande akamjibu, "Anawasubiri wenyewe." Yule bwana alicheka, akabaki mpaka breki zake zikakamilika.

Sasa niko nyumbani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, chai ya tangawizi mkononi. Mke wangu ananitazama kama mtoto aliyecheza mvuani.

Nimepiga chafya.

Mara moja tu, na huenda ni pilipili manga iliyomo katika chai.

Kuutambua mti nimeutambua, na hilo halitabadilika. Lakini uhai wake sasa umo puani mwangu. Kukipambazuka nitavaa shati lililopigwa pasi, nitakwenda Gerezani kwa miguu, na kumwitikia Chande marahaba kwa sauti kavu, safi.

Leso itabaki mfukoni, hata kama itanibidi kuzuia pumzi.