Rimoti ya Kaka, Ndege Yangu

Jumapili, mwezi wa saba. Vumbi la kiangazi limetanda, milima ya Kongo haionekani, na koo linaniwasha tangu asubuhi. Mama amegonga mlango kuniita chai, nikamwambia tumbo linauma.

Haliumi. Nina hasira na kaka yangu.

Mnaosoma hapa mnajua kwamba mimi na kaka Idrisa tunarusha ndege za mfano. Tunazichonga kwa yale maboksi meupe ya kuhifadhia samaki, tunaweka mota na betri, tunakwenda nazo ufukweni Ujiji. Hapa mjini sijamjua mwingine anayerusha. Miaka yote tumetumia rimoti moja, na mwaka huu kijiti chake cha kushoto, kinachoongoza mota, kimeanza wazimu: unaomba mwendo wa nusu, kinakupa wote. Ikabidi tutafute nyingine.

Kazi ya kuchagua nilipewa mimi, na niliifanya kama ninavyofanya kila kitu, polepole. Kwa asiyejua: rimoti unaishika mkononi, risiva inakaa ndani ya ndege na kupokea amri. Katikati yao kuna itifaki, yaani utaratibu wao wa kuzungumza. Rimoti nyingi za siku hizi zinatumia masafa yale yale, gigahezi mbili nukta nne, lakini viwanda vina itifaki tofauti, na risiva ya hiki haiisikii rimoti ya kile. Nilibaki na njia tatu. Tungeweza kununua ya kiwanda kile kile cha zamani. Au tuhamie itifaki ya wazi, ambayo viwanda vingi vinaitengeneza, inafika mbali, na risiva zake ni ndogo kama kucha, ila tungebadilisha risiva zote. Au tuchukue rimoti yenye moduli ya itifaki nyingi, inayozungumza na risiva zetu za zamani na za wengine pia.

Nilichagua hiyo ya mwisho. Ndege zetu zote zingeendelea kuruka, na siku kila mmoja akiwa na rimoti yake, bado tungeazimana.

Kaka alikuwa anasafiri kikazi kwenda Dar, na ndiye angeinunua huko. Nilimweleza mezani kwake Buzebazeba, yeye na wifi wanakula migebuka. Alinisikiliza, akafuta vidole.

“Zuwena, mbili nukta nne ni mbili nukta nne. Redio ya babu ilikuwa inashika Bujumbura. Kuna siku uliona inaulizwa imetengenezwa na nani?”

Wifi akacheka, na mimi nikacheka. Sisi tumekua tukisikiliza Burundi kwa redio yoyote iliyokuwepo nyumbani, kwa hiyo maneno yake yalikuwa na akili kabisa. Nikamwambia redio ile inasema na watu wote, lakini rimoti inasema na risiva moja inayoijua, la sivyo mtu yeyote angeshusha ndege ya mwenzake.

“Haya, mwalimu,” akasema.

Alirudi na nyingine kabisa. Nyeusi, inang'aa, ya itifaki ya kiwanda kimoja ambacho sikukitaja popote, pamoja na risiva moja. Nilijaribu ndege zetu zote. Hakuna iliyoisikia.

Nilidhani wamemdanganya dukani. Nikaanza hata kumbembeleza, kwamba si kosa lake, vitu hivi vinachanganya.

“Nani kakwambia nimekosea? Ile yako walikuwa nayo, nimeishika kwa mkono huu. Nimechukua hii kwa sababu ni nzuri na ni yangu. Wewe utarusha nikipumzika.”

Nikipumzika.

Wiki haijaisha akaomba ndege yangu. Yake ilikuwa na bawa lililovunjika, na alikwishawaalika wenzake wa kazini waje Jumamosi kuona. Ndege hiyo niliianza mwezi wa Ramadhani. Mabawa nimeyasugua kwa msasa mpaka yamekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Nilimpa. Wageni walikwishatangaziwa kabla mimi sijaulizwa, na kwetu mdogo hamvunjii mkubwa heshima mbele ya wageni wake.

Lakini niliiandaa mwenyewe. Nilifunga risiva yake, nikaiunganisha na rimoti, kisha nikaweka amri ya tahadhari: mawasiliano yakikatika, mota izime na ndege ishuke ikizunguka taratibu, ianguke karibu, mwenye mtumbwi atuletee. Nikaijaribu chini kwa kuzima rimoti. Propela ikasimama. Nikamwambia kaka, “Usiunganishe upya. Ukiunganisha upya, amri hii inafutika.” Akaitikia.

Jana basi. Sisi hurusha alasiri, upepo ukitoka ziwani, ili ndege ikizidiwa isukumwe kwetu. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda majini. Kaka alipanga asubuhi, kwa sababu wageni wake mchana walikuwa na shughuli.

Mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa alituona tukishusha vitu. “Hicho kidude kikianguka kwenye dagaa zangu, mtazila zote na mchanga wake.”

“Shangazi, hii haianguki,” kaka akamjibu.

Kisha akawageukia wageni. “Sogeeni muone zinavyosalimiana.” Akabonyeza kitufe cha kuunganisha upya. Taa ya risiva ikapepesa, ikatulia, wageni wakafurahi.

Nikamsogelea, nikasema kwa sauti ya chini, “Kaka, ile amri imefutika. Nipe dakika niirudishe. Na antena bado umeikunja.”

Angeweza kunipa tu.

“Mnamwona huyu?” akawaambia wenzake. “Huyu ndiye mkaguzi wa viwanja vya ndege.”

“Mpeni kofia basi,” mmoja akasema.

Nikarudi nyuma nikasimama.

Iliruka vizuri, siwezi kuidhulumu. Ilipinda juu ya mitumbwi, jua likapita kwenye mabawa, na kwa muda nilisahau ni nani ameshika rimoti. Kaka akaipeleka mbali kuliko tulivyozoea. Halafu nikaona vidole vyake vinasukuma vijiti huku na huku na ndege haifanyi lolote.

“Imegoma,” akasema.

Mota haikuzima. Ilikuwa imebaki na amri ya mwisho aliyoipa, mwendo mkubwa na moja kwa moja, na upepo unaisindikiza. Kaka akakunjua antena, akakimbia mpaka maji ya magoti. Mgeni mmoja akasema huko Kongo watadai pasipoti. Mvuvi aliyekuwa anafungua injini ya boti alijikinga jua kwa kiganja. “Yewe, hiyo mmeiachia wenyewe?”

Niliisikia ndege yangu mpaka nisiweze kutofautisha mlio wake na masikio yangu.

“Rimoti za siku hizi,” kaka akawaambia wageni. Hakunitazama. Njiani ndipo akaniambia, “Usinune, Zuwena. Ni boksi la samaki tu, utachonga jingine.”

Ni kweli, nitachonga jingine. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba anajua nitachonga.

Leo mchana amenitumia ujumbe. Risiva imekwenda na ndege, sasa rimoti yake haina wa kuzungumza naye. Anataka nimtafutie risiva nyingine, “maana akili hizo unazo wewe”. Na anauliza mimi nitajinunulia rimoti gani, ili tufanane.

Nimefungua kurasa zile zile nilizosoma mwanzoni. Nimeangalia orodha ya itifaki za ile moduli, na ya kaka imo. Kwa hiyo jibu sahihi halijabadilika. Nikiichukua, nitarusha ndege zetu za zamani, nitarusha zake, na nikifunga risiva ya aina yake kwenye ndege yangu, naye ataweza kuirusha.

Nimeagiza ile ya itifaki ya wazi.

Sababu ninazo, na ningeweza kuzipanga hapa zikapendeza: inafika mbali, risiva ni nyepesi, haitegemei kiwanda kimoja. Zote za kweli, na hakuna hata moja iliyonifanya niagize. Nimeagiza kwa sababu ndege yangu haitaisikia rimoti yake, na ndege yake haitaisikia yangu. Atasimama ufukweni pembeni yangu na rimoti yake nyeusi, aniombe ndege mbele ya wageni wowote anaotaka, na haitawezekana. Sitahitaji hata kusema hapana.

Nilidhani nikishaagiza nitapumua. Nimekaa tu natazama simu. Ujumbe wake bado sijaujibu.

Kuna jambo sikulifikiria wakati wa kuchagua. Ndege zetu hazina magurudumu. Mmoja anashika rimoti, mwingine anakimbia na ndege kichwani na kuitupa, na miaka yote wa kunitupia mimi alikuwa kaka. Nani atanitupia sasa?

Kesho alasiri nikifunga duka nitachukua lile bodi la ndege ya zamani lisilo na mota, niende ufukweni peke yangu, nijifunze kutupa kwa mkono mmoja.